Nyumba za Buhongwa Zilizosubiri Maji

Vijana wangu, mara ya kwanza kumkuta ng'ombe sebuleni nilidhani bado nimelala.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ule unaopanda kutoka ziwani na kusahau kushuka. Nilikuwa bondeni nyuma ya Buhongwa, mbali kidogo na barabara ya Shinyanga, na nyumba zilisimama mbele yangu safu kwa safu, zote rangi moja, mabati mekundu, madirisha ya aluminiamu, kana kwamba mtu alizichora kwa rula, akaweka kalamu chini na kwenda zake. Majani yalikuwa yamefika usawa wa madirisha. Nikasukuma mlango mmoja. Ndani, juu ya vigae vyeupe, mahali ambapo mchoro unasema sebule, dume la ng'ombe lilikuwa limelala likicheua. Likanitazama bila haraka, kama mwenyeji anayetazama mgeni asiyealikwa. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua akatokea upande wa jikoni.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Nyumba hii ni yako?"

"Hapana. Haina mtu. Mvua ikinyesha nawaleta ng'ombe humu, sakafu haina matope."

Nikatoa futi yangu nikaanza kupima. Ningefanya nini? Nilikuwa nimetumwa kuipa bei.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nilipostaafu: uthamini wa nyumba na viwanja. Ninyi mnaotoka chuoni mnaijua vizuri, lakini wako wengine hapa ambao huenda hawaijui, kwa hiyo niseme kidogo. Mtu akitaka mkopo benki kwa kuiweka nyumba rehani, benki haiwezi kumwamini kwa sura yake. Inamtuma mthamini akaitazame hiyo nyumba, arudi aseme: ikiuzwa leo, itauzwa kwa kiasi hiki. Ni hayo tu. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za watu kuliko padri anayezibariki, na mara nyingi nilikaribishwa vizuri zaidi, maana padri haji na mkopo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Luhende. Ofisi yetu ilikuwa Mirongo, ghorofa ya juu ya duka la magodoro, na dirisha lake lilitazama mlima wa mawe na nyumba zilizong'ang'ania juu yake kama kunguru. Wiki yangu ya kwanza alinituma peke yangu kwenda kupima nyumba ya fundi cherehani mmoja. Nikapima kila chumba, nikapima na banda la kuku, mama wa nyumba ananifuata na kikombe cha uji. Nilipomaliza nikamwambia amsalimie mume wake fundi. Akashangaa. "Mume wangu ni dereva. Fundi ni jirani. Kwani wewe siyo wa sensa?" Mzee Luhende alicheka hadi akashika meza. Halafu akaniambia nirudi kwa yule mama nikamrudishie kikombe, maana nilikuwa nimeondoka nacho.

Mambo yake mengine hamtayakuta vitabuni. Alinifundisha kugonga plasta kwa sarafu: ikilia kama ngoma, ndani hakuna kitu. Alinifundisha kuweka mgongo wa kiganja ukutani chini ya dirisha, kwa sababu kiganja chenyewe kimezoea kushika na kinadanganyika. Mlango uliopunguzwa kwa randa chini, alisema, ujue udongo unatembea. Na zaidi ya yote: "Kuhusu mvua, usimuulize mwenye nyumba. Muulize jirani. Mwenye nyumba anaiona nyumba aliyoiota. Jirani anaona maji yanapopita." Siku hizi mna kifaa cha mwanga mwekundu. Mnakielekeza ukutani, kinawasomea urefu, na picha mnazipata kutoka angani bila kuchafua viatu. Ni vizuri. Mimi mwenyewe nilikitumia miaka yangu ya mwisho na kilinipumzisha kiuno. Lakini hakinusi. Mnuse wenyewe.

Sasa niwaambie zile nyumba za bondeni zilitoka wapi.

Ilikuja sera. Msikunje nyuso, mimi niliipenda. Serikali ilitaka watumishi wake, walimu, wauguzi, makarani, wawe na nyumba kabla ya kustaafu. Ikayaambia mabenki: kopesheni kwa muda mrefu, punguzeni kile mtu anachotakiwa kutanguliza, na mkipata hasara, mfuko wa dhamana utabeba sehemu. Kampuni za ujenzi zikaambiwa zijenge. Maji na barabara, ikasemwa, vitafika. Baba yangu alikuwa mwalimu kule Kagera. Alifundisha nusu ya wilaya kusoma, akastaafu akiwa mpangaji, na siku tulipohama nyumba ya shule alikaa juu ya kitanda kilichofunguliwa, kwenye gari, akiwa amevaa tai. Kwa hiyo niliposikia mwalimu atapata nyumba yake angali kijana, moyo wangu uliinuka.

Benki iliyokuwa ikinipa kazi nyingi ilikuwa na meneja anaitwa Deogratias, mtu wa kwetu Kagera, mpole, miwani haimkai puani. Akanituma bondeni nyumba zikiwa hazijaisha. Huko ndiko nilikokutana na Minza.

Alikuwa muuguzi, bado na sare yake, amekuja moja kwa moja kutoka zamu. Mume wake, Shija, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu asiye na maneno. Walikuwa wameomba nyumba ya kona, ile ya kwanza ukitoka barabarani. Haikuwa na milango bado, wala dari. Mbingu ilikuwa inaonekana kati ya mbao za paa. Minza alinishika mkono.

"Shikamoo mama. Njoo nikutembeze."

Akanitembeza. Hapa kabati la vyombo. Angalia, pazia nitaweka la kijani, jua la jioni likipita humu patakuwa kama ndani ya jani. Hapa Shija atasahihisha madaftari. Alikizunguka kitu ambacho hakikuwepo, nami nikajikuta nakizunguka vilevile, kwa sababu alikuwa ameshaniambia pale kuna meza. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyumba nzima bila kizuizi. Sauti zetu zilirudi polepole kutoka kwenye kuta, zikiwa laini kidogo kuliko tulivyozitoa. Nimezitembelea nyumba za matajiri wa samaki, zenye ngazi za marumaru, na sikumbuki hata moja kama ninavyoikumbuka ile ambayo haikuwa na kitu.

"Na maji?" nikamuuliza.

Akanionyesha bomba lililochomoza ukutani. "Yanakuja. Wametangaza."

Nikafungua koki. Ikatoka pumzi ya vumbi.

Nilimwendea Deo ofisini kwake. Nikamwambia nyumba zimejengwa vizuri, plasta haina kasoro, lakini hazina maji, na njia ya kuingia ndani ya bonde itakuwa mto wakati wa masika, jirani aliyekaa pale miaka mingi ameniambia. Nyumba ya kona ina thamani yake kwa sababu ya barabara. Za ndani, kwa leo, thamani yake ni ndogo.

"Mama Koku," akasema, "maji yanakuja. Serikali imesema."

"Yakija nitarudi kuzipima."

"Na hawa walimu niwaambie nini? Wasubiri? Mpaka waote mvi kwenye vyumba vya kupanga?" Akavua miwani. "Baba yako alisubiri."

Alinigusa pabaya, na alijua. Akaniomba niandike bei mbili: ya leo, na ile itakayokuwepo endapo maji na barabara vitafika. Hilo linaruhusiwa, nanyi mtaombwa. Nikaandika, na lile neno "endapo" nikalipigia mstari. Benki ikakopesha kwa bei ya pili. Kutoka juu walikuwa wanasukumwa wakopeshe, mfuko wa dhamana ulikuwepo, na mshahara wa mtumishi unakatwa kabla hajauona. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kuegemea, na aliyeegemewa naye alikuwa ameegemea kwingine.

Watu wakahamia. Kwa muda palikuwa pazuri sana. Nikipita barabarani jioni niliona taa za bonde zima zikiwaka, na pazia la kijani kwenye nyumba ya kona likiwa na mwanga nyuma yake kweli kama jani.

Maji hayakuja.

Walianza kununua ya mkokoteni, dumu kwa dumu. Mkopo ulikuwa umeshakula sehemu kubwa ya mshahara, maji yakala iliyobaki. Masika ilipofika, njia ikawa mto, kama jirani alivyosema. Wenye watoto wa shule wakawa wa kwanza kuondoka. Walirudi kupanga karibu na mjini, wakilipa kodi huku na mkopo kule. Hilo halivumiliki kwa muda mrefu. Wengine waliacha kazi ili mshahara usikatwe. Bonde likaanza kuzima, taa moja baada ya nyingine, pasipo kelele, na majani yakapanda.

Ndipo benki iliponituma mara ya pili, sasa kutafuta bei ya mnada. Asubuhi ile ya ng'ombe ilikuwa siku hiyo. Nilianza na nyumba za ndani, nikaishia kwenye ya kona. Minza alinifungulia akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaniwekea chai ya maji ambayo nilijua yametoka wapi. Niliinywa yote. Halafu nikapima sebule yao, yeye akiwa amekaa, akiinua miguu ili futi ipite.

"Mama," akasema, "hivi hii nyumba ni ya nani hasa? Serikali inasema ni yetu. Benki inasema ni yao. Mimi naifagia kila siku na sijui."

Nikasema, "Ina barabara. Hii itapata mnunuzi." Nilidhani namfariji, nikaona uso wake, nikaelewa nilichomwambia.

Wiki chache baadaye wakazi waliitisha kikao. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki, mchana kweupe. Alikuja afisa wa nyumba kutoka serikalini, akaja Deo, akaja kijana wa kampuni iliyojenga. Mwenyekiti wa mtaa akaniomba nami niwepo. Upepo wa ziwa ulikuwa unalijaza turubai na kuliachia, kama kitu kinachopumua, na kwa muda nilisikiliza hilo kuliko maneno.

"Serikali ilifungua mlango," afisa alisema. "Haikumsukuma mtu kuingia."

"Benki ilifuata sera," Deo akasema. "Tungekataa kukopesha, mngesema tunawanyima watumishi nyumba."

"Sisi tulijenga kama mchoro ulivyo," akasema kijana wa kampuni. "Mabomba yamo ukutani. Kuleta maji siyo kazi yetu."

Mwalimu mmoja mzee akasimama kule nyuma. "Kwa hiyo mnataka kusema tulijikopesha wenyewe?"

Watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri. Wengine walianza kupiga kelele. Ndipo Minza aliposimama. Mtoto alikuwa kwa Shija. Alisubiri watulie, hakupaza sauti.

"Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiletwa amezidiwa, hatuanzi kuulizana nani kamwambukiza. Tunamtundikia dripu kwanza. Lakini asubuhi daktari atauliza, na lazima ajibiwe. Serikali ilisema maji yanakuja. Benki ikayahesabu hayo maji kama yamefika, ikatukopesha kwa bei ya nyumba yenye maji. Na sisi tulisaini, hakuna aliyetushika mkono. Basi kila mmoja abebe alichokisema. Aliyeahidi maji ayaleve—" Ulimi ukamteleza, akatabasamu, akarudia. "Ayalete, au alipie sehemu. Aliyehesabu maji ambayo hayapo, arudi kwenye hesabu yake. Sisi tuliosaini tutalipa. Ila tutalipia nyumba tuliyopewa, siyo ile ya kwenye picha. Na wakati mnajadiliana, mtu asitolewe nje."

Afisa akaandika kitu. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama mthamini. Hizi nyumba, leo, zina thamani gani?"

Deo akanitazama. Benki yake ndiyo iliyokuwa inanilisha. Sikuwa na mteja mwingine wa kueleweka mwaka ule, na mwanangu Koku alikuwa chuo. Sikumwona kama adui. Nilimwona kama mtu aliyeota na wenzake ndoto moja, sasa anaogopa kuwa wa kwanza kufumbua macho.

"Zilizo barabarani zina wanunuzi," nikasema. "Hizi za ndani, mkipiga mnada kesho, hakuna atakayenyoosha mkono. Mkiwatoa hawa watu, watakaohamia ni ng'ombe. Nimewakuta, wengine wameshaanza. Na ng'ombe, Meneja, hakatwi mshahara."

Safari hii walicheka vizuri. Hata afisa alicheka, kisha akajizuia. Deo aliinama akafuta miwani muda mrefu, kama mtu aliyekuwa akingoja mtu mwingine aseme.

Mnada wa nyumba za ndani ulisimamishwa siku ileile. Baada ya safari nyingi na vikao vingi mikopo iliandikwa upya, kwa bei ya leo, na mfuko wa dhamana ukabeba sehemu kama ulivyokuwa umesema. Maji nayo yalifika, baadaye sana. Kama ni kwa sababu ya kikao kile au kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu, msiniulize. Mimi benki ile haikuniita tena mpaka Deo alipohamishwa, na nyumbani tulikula dagaa kwa kipindi kirefu. Dagaa ni watamu, msiwadharau.

Nisingependa mtoke hapa mkisema bibi kasema msikope. Kopeni. Wengine bila mkopo watakaa kwenye gari wamevaa tai. Na sera iliyomfikiria mwalimu ilikuwa sera yenye moyo. Nawaambia tu, wewe utakayekuwa benki, na wewe utakayekaa wizarani, na wewe mthamini: mtu akiahidi maji, muulize yasipokuja ni nani atakayelala na kiu. Mara zote ni yule aliyeko mwisho wa bomba.

Ila bado sijawaambia ya Minza.

Siku ile ya kikao, watu walipokuwa wanakumbatiana, nilimfuata. Alikuwa anafunga mtoto mgongoni.

"Hongera mwanangu. Mmepona."

"Wamepona, mama," akasema. "Sisi yetu ilishauzwa. Juzi. Mfanyabiashara anataka kuweka ghala la saruji."

Nilijua ni ya barabarani, nilijua niliipima. Sikujua benki imekwenda haraka hivyo. "Sasa ulisimama kwa ajili ya nani?"

Akanishangaa, kama nimemuuliza swali la mtoto. "Nilipojifungua, mama, kila nyumba iliniletea dumu moja la maji. Hata wale wasiokuwa nayo."

Shija alikuwa ameshabeba kiti walichokuja nacho kutoka nyumbani, akakitazama, hakujua akirudishe wapi.

Walihamia ng'ambo. Minza alipata kazi kwenye zahanati moja upande wa Sengerema, na Shija akaomba uhamisho. Nilikaa muda mrefu bila kuthubutu kwenda. Siku nilipopanda kivuko kwenda Kamanga, ziwa lilikuwa limelala kabisa, rangi moja na anga, hata ukawa huwezi kusema kama tunaelea au tunaning'inia. Ng'ambo kulikuwa na wale wadudu wadogo wa ziwani, wamepanda juu ya maji kama moshi usio na moto. Walinipokea wote wawili. Mtoto alikuwa anatembea.

Walikuwa na kiwanja kidogo kwenye mteremko, na matofali waliyofyatua wenyewe, yamefunikwa nyasi. Shija alikuwa amechomeka vigingi na kufunga kamba, anataka kuanza msingi wa chumba kimoja na cha pili kifuate Mungu akipenda. Akaniuliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake vizuri, "Mama, wewe ndiye mtaalamu. Mlango tuuelekeze wapi?"

Nikatazama kama nilivyotazama maisha yangu yote. Juu kulikuwa na barabara ya vumbi itakayowekwa lami siku moja. Chini kulikuwa na maji.

"Barabarani," nikasema. "Nyumba inayotazama barabara inapata bei."

Minza alikuwa amepakata mtoto, akitazama chini kule.

"Hatuuzi, mama," akasema.

Nikainama, nikang'oa kigingi cha mlango kwa mikono yangu, nikashuka nacho hadi upande wa kamba unaotazama ziwa, nikakichomeka. Shija akaivuta kamba ikanyooka, akachukua jembe, akaanza kuchimba.